Tiknesa ya karakana ya nyumbani: kabla hujakopa hela, pima kwanza mzinga wako

Mmezoea tukiongelea hapa mbolea, mbegu na chanjo ya kideri. Leo natoka nje ya mstari kidogo, naongelea mashine ya randa. Sijasahau kazi yangu. Huku Mufindi, mkulima kijana ukimtembelea unamkuta ana mizinga ya nyuki, ana ekari zake mbili tatu za paini, na nyuma ya nyumba ana banda la mabati lenye meza, msumeno na misumari kwenye kopo. Kilimo na useremala vinalala nyumba moja. Na mwaka huu nimeulizwa habari za tiknesa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa habari za viwavijeshi.

Iko hivi. Mwezi wa tatu alinipigia kijana mmoja wa kata yangu. "Shikamoo bwana shamba. Mizinga imerudi." Alikuwa na oda ya mizinga 60 ya fremu, ile ya Langstroth, kutoka kikundi cha wafugaji nyuki. Alishapeleka 24 ya kwanza, na yote 24 imerudishwa. Nikawasha pikipiki nikaenda.

Kwa macho ilikuwa mizinga mizuri kabisa, imepigwa rangi, mifuniko ina bati. Ila fremu za mzinga huu ukizihamishia mzinga ule, zingine zinabana, zingine zinacheza. Nikatoa venia yangu. Ubao mmoja mm 19, wa pili mm 22, wa tatu mm 24. Kuna mmoja mwanzo wake ni mm 21 na mwisho wake mm 18. Mbao zilipigwa randa mjini, kwenye karakana tatu tofauti, kila karakana na mashine yake na haraka zake.

Mtu atasema, milimita tatu ni nini bwana? Kwa meza ya chakula si kitu. Kwa nyuki ni kila kitu. Mchungaji Langstroth kule Marekani, mwaka 1851, alitumia kanuni moja ambayo mzinga wa fremu mpaka leo unaitegemea: nafasi ya mm 6 hadi 9 nyuki anaiacha wazi kama njia ya kupita. Ikipungua hapo anaiziba kwa gundi. Ikizidi anajaza masega. Sasa piga hesabu na mimi. Sanduku lina urefu wa nje mm 505. Ukitoa unene wa mbao mbili za mm 19, ndani unabaki na mm 467. Fremu ina urefu wa karibu mm 450, hivyo kila upande inabaki mm 8 na nusu. Safi. Weka mbao za mm 22: ndani mm 461, kila upande mm 5 na nusu. Nyuki anaanza kugundisha. Weka za mm 24: inabaki mm 3 na nusu, na siku ya kuvuna utang'oa fremu kwa nyundo huku nyuki wanakung'ata. Wale wateja hawakumwonea.

Na wenye mizinga ya viunzi vya juu msijione mmepona. Kwa nyuki wetu wa Afrika kiunzi kinatakiwa kiwe na upana wa mm 32. Ukikosea ukakitoa mm 34, kufika kiunzi cha 20 umeshahama mm 40, zaidi ya upana wa kiunzi kizima. Nyuki atajenga sega anavyotaka yeye, likakamata viunzi viwili kwa pamoja, na faida yote ya mzinga wa kisasa imekwisha.

Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kutaka mashine yake mwenyewe. Shida ilikuwa ni mashine gani. Kikundi chao cha watu watano kilishapitishiwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 4 za vijana ndani ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Hauna riba, lakini ni deni, na mmoja akishindwa wenzake wanne wanambeba. Mezani walikuwa na mawazo matatu: tiknesa mpya ndogo ya kubeba, mtumba mkubwa wa chuma kutoka Dar, au ile ndogo halafu wabadilishe kichwa cha visu waweke cha spairo, maana walishaona video.

Kabla sijaendelea, naomba niseme ukweli wangu. Diploma yangu ni ya kilimo, siyo ya useremala. Ninachojua kuhusu randa nimekipata kwa baba mdogo, fundi, niliyekuwa nasukuma mbao kwake kila likizo, na kwa makosa yangu. Kosa kubwa ni hili. Miaka minne nyuma nilimshauri mfugaji mmoja anunue mtumba mkubwa. Nikamwambia kwa kujiamini, chukua chuma, chuma hakikosei. Muuzaji akasema inafanya kazi vizuri, na kweli pale dukani ilifanya kazi. Ilipofika kijijini ndipo tukafungua kibao cha mota: fezi tatu. Kijijini kwao umeme unaofika kwenye nyumba ni wa fezi moja. Ile mashine mpaka leo ipo chini ya turubai, kuku wanatagia juu yake. Kila nikipita pale naangalia upande mwingine.

Umeme kwanza, mashine baadaye

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi halihusu visu hata kidogo. Nauliza: nyumbani kwako una umeme gani? Nyumba nyingi zina fezi moja, volti 230, mzunguko wa hezi 50. Mashine isome hivyo hivyo kwenye kibao chake. Mtumba wa Japani wa nyumbani mara nyingi ni volti 100, na wa karakana ni volti 200 fezi tatu. Wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma itakushushia volti, lakini haibadilishi hezi. Mota ya induksheni iliyoundwa kwa hezi 60 ukiipa hezi 50 inazunguka taratibu kwa kama moja ya sita, na isiposhushiwa volti nayo kwa kiasi hicho inachemka. Mota yenye kaboni haijali hezi, ila volti inazijali sana.

Mashine ya fezi tatu siyo lazima uikimbie. Mota ndogo, tuseme ya hosipawa 3, inaweza kuendeshwa na inveta inayopokea fezi moja ikatoa tatu, mradi mota yenyewe ikubali kufungwa delta kwa volti 230. Hilo linaandikwa kwenye kibao. Ila bei ya inveta na fundi wa kuifunga viingie kwenye hesabu kabla hujamlipa muuzaji. Mimi nilivikumbuka mashine ikiwa imeshashushwa kwenye gari.

Halafu waya. Mashine ya wati 1,650 inavuta kama ampea 7 ikiwa kwenye mzigo. Ukiipeleka bandani kwa waya mwembamba wa mita 30 uliobaki kwenye sherehe, volti inashuka njiani, mota inakosa nguvu na kuchemka, halafu unalaumu kiwanda. Weka waya wa mm 2.5 za mraba, na banda likiwa mbali zaidi ongeza unene. Saa za jioni, kijiji kizima kinapowasha taa na luninga, pumzisha mashine.

Upana: acha kazi yako ikuchagulie

Hapa vijana wengi wanapoteza hela. Wanataka mashine pana kwa sababu pana ni kubwa. Sanduku la Langstroth la kina kirefu lina kimo cha mm 244. Linatoka kwenye ubao wa moja kwa kumi, ambao ni mm 254. Tiknesa ndogo ya kawaida inachukua mm 304 au zaidi. Inatosha na chenji inabaki. Mbao zinazozidi hapo, kama za mfuniko, unaunganisha mbili. Kama unatengeneza milango ya mninga hilo ni suala lingine. Wao walikuwa na mizinga 60.

Tuiangalie moja ambayo kijana aliishika kwa mkono, Makita 2012NB. Upana mm 304, wati 1,650, visu viwili, kichwa kinazunguka mara 8,500 kwa dakika, ubao unapita mita 8 na nusu kwa dakika. Uzito wake haufiki kilo 30, unaibeba ukaifungia ndani usiku, jambo ambalo kwa banda la mabati siyo dogo. Visu viwili mara 8,500 ni mikato 17,000 kwa dakika. Gawanya kwa mm 8,500 za ubao: mikato miwili kila milimita. Alama za kisu zinakuwa nusu milimita moja kwa nyingine, msasa kidogo tu umemaliza. DeWalt DW735 ina visu vitatu, mizunguko 10,000 na spidi mbili za kupitisha ubao. Ile ya taratibu inakupa mikato 179 kwa inchi, yaani kama saba kwa milimita.

Sasa chukua ile mtumba kubwa. Ilikuwa na visu vitatu, kichwa mizunguko kama 5,000, ubao mita 7 kwa dakika. Mikato 15,000 gawanya kwa 7,000, unapata miwili na kidogo. Umeona? Ulaini ni ule ule. Unacholipia kwenye chuma kikubwa ni mota ya induksheni inayofanya kazi kutwa bila kulalamika, na uwezo wa kukata milimita tatu kwa mpigo. Ndogo ina mota ya kaboni, inapiga kelele kama pikipiki iliyotoboka eksozi, na inataka mpigo wa milimita moja moja kwenye ubao mpana. Ubao wa mm 25 kuufikisha 19 ni mipigo sita. Mwenye mizinga 60 anavumilia. Mwenye kutaka kuhudumia mtaa mzima ataiua ndani ya msimu.

Kichwa cha visu, penye mabishano

Vichwa viko vya namna mbili kuu. Cha kwanza ni cha visu virefu vilivyonyooka, viwili, vitatu au vinne, upana wote wa mashine. Cha pili ni cha spairo: silinda iliyopangwa visu vidogo vya mraba vya kabaidi, safu zake zimejizungusha kama ngazi ya mnara. Kila kisu kidogo kina pande nne. Upande ukiisha unalegeza skurubu, unakigeuza robo, unaendelea. Ukigonga msumari unabadilisha kimoja au viwili, siyo kisu kizima.

Wauzaji wanaita vyote spairo, lakini angalia kwa karibu. Kwenye vingine safu imejipinda lakini kila kisu kinaupiga ubao uso kwa uso. Kwenye vingine kisu chenyewe kimelazwa kwa pembe, kinakata kwa kuchanja, kama unavyolaza panga ukikata mgomba. Hicho cha pili ndicho kinachosaidia kwelikweli kwenye mbao yenye nyuzi zinazogeuka huku na huku, kisu kirefu kinapong'oa vipande na kuacha mashimo. Kelele pia inapungua sana, na hilo jirani atakushukuru.

Basi kwa nini niliwaambia wasikinunue? Sababu ya kwanza ni mbao yao. Paini iliyonyooka nyuzi, kisu cha kawaida chenye makali kinaimaliza vizuri. Tatizo la paini ni utomvu na vifundo. Utomvu unashika kisu cha aina yoyote, unaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Sababu ya pili ni nguvu. Kichwa cha spairo muda wote kuna kisu kinagusa ubao, kinataka mota yenye msuli. Kwenye mashine ndogo utalazimika kupunguza mpigo, wati 1,650 ni zile zile. Ya tatu ni hela: kubadilisha kichwa kunaweza kukugharimu karibu na bei ya mashine yenyewe, na kunataka mtu anayejua kutoa beringi bila kuzipiga nyundo. Ukipindisha shafti, umeharibu vyote viwili.

Kama wangekuwa Kilombero wanapiga randa mtiki, ningesema tofauti. Mtiki una silika ndani yake, yaani mchanga mchanga, unakula makali ya chuma haraka mno. Hapo kabaidi inajilipa yenyewe. Mninga na mkongo wenye nyuzi mchanganyiko, vivyo hivyo. Huyo namshauri hata asubiri mwaka, akusanye, anunue mashine iliyotoka kiwandani na kichwa cha spairo na mota inayokifaa.

Kwa visu virefu kuna la kuuliza tena. Visu vya mashine nyingi ndogo vina makali pande mbili, ukimaliza unageuza, ukimaliza tena unatupa. Vinakaa kwenye pini, kuvifunga ni dakika 20 na huwezi kukosea sana. Visu vya mashine kubwa vinanolewa mara nyingi, ni rahisi kwa muda mrefu, lakini kuvisawazisha ni kazi ya mtu mwenye subira. Vyote vinatakiwa vitokeze sawasawa kabisa. Kimoja kikizidi hata kwa unene wa karatasi, hicho ndicho kinachokata peke yake, wengine wanasindikiza, na ubao unatoka na mawimbi. Ukiona mawimbi, usilaumu mbao. Na kabla ya kulipia mashine yoyote hakikisha umeshika mkononi visu vya akiba vya urefu ule ule. Wao niliwaambia wanunue seti tatu siku ile ile.

Mkikuta mtumba wenye kichwa cha mraba, chuma cha pembe nne chenye visu vimefungwa kwa bolti juu yake, rudisheni shuka mfunike. Nafasi kati ya pembe ni kubwa, inameza vidole. Baba mdogo ana vidole nane.

Kuijaribu dukani

Nenda na venia na vijiti viwili vya mbao, mm 40 hivi upana, urefu nusu mita. Vipitishe kwa pamoja, kimoja kushoto kabisa, kingine kulia kabisa. Pima. Tofauti ikizidi mm 0.2, meza au kichwa kimeinama, muulize muuzaji ataweka vipi sawa mbele yako. Zungusha kichwa kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, sikiliza beringi. Angalia rola kama mpira wake umepasuka au umekuwa mgumu kama kioo. Pandisha na kushusha mara kadhaa. Nusu saa tu, na muuzaji asiyekupa nusu saa mwache na mashine yake.

Mambo mawili ambayo mashine yoyote haitakufanyia. Tiknesa hainyooshi ubao uliojipinda. Rola zinaukandamiza, visu vinapita, ukitoka unajirudia ulivyokuwa, tofauti sasa ni mwembamba. Lazima uso mmoja uwe umenyooka kwanza, kwa randa ya mkono au kwa kuulaza ubao juu ya kipande cha plaiwudi na kuuwekea vijiti chini penye pengo. Na tiknesa hung'ata ncha. Sentimita 5 hadi 8 za mwanzo na mwisho zinatoka nyembamba zaidi, hasa ubao mrefu ukiachwa uning'inie. Hii kwa mizinga inauma. Ubao wa futi 12 una sm 366. Masanduku mawili yanakula sm 352, njia za msumeno zinakula kama 2. Ncha zikikatika sm 6 na 6, umebaki na 354. Kosa dogo tu la msumeno na sanduku la pili limekosekana, kila ubao. Ndiyo maana niliwafanya watengeneze stendi mbili za rola, mbele na nyuma, kabla hata mashine haijafika, na wanapitisha mbao zikifuatana ncha kwa ncha ili zisining'inie.

Usalama nausema kwa ufupi siyo kwa sababu ni mdogo: miwani, vizibo vya masikio, hakuna glovu wala mikono mirefu ya shati karibu na rola, usisimame moja kwa moja nyuma ya ubao, kipande kifupi kuliko sm 35 hakiingii, na visu havigusiki mpaka plagi uwe unaiona kwa macho.

Kuhusu maranda, ambayo ndiyo sehemu ya kazi yangu hasa. Kisu kirefu kinatoa maranda mapana yaliyojikunja, mazuri sana kwa sakafu ya banda la kuku, yanafyonza na kupitisha hewa. Spairo inatoa vipande vidogo vidogo na vumbi zaidi. Kwa vifaranga vumbi hilo uchekeche kwanza, linasumbua mapafu. Na maranda ya mbao iliyowekwa dawa, zile za kijani, hayaingii bandani kabisa. Wala mbao hizo usizitengenezee mzinga.

Walichukua mashine ndogo, visu vya kawaida, seti tatu, waya mpya, stendi mbili. Hela iliyobaki ya mkopo wameiweka kwenye mbao zinazokauka kivulini, zimepangwa na vijiti katikati. Ile mizinga 24 waliibomoa wakapiga randa upya zile nene, wakaokoa masanduku 15. Wiki iliyopita nilipima mizinga 31. Miwili ilikuwa imekosea, mm 18, na yote miwili ilitoka kwenye ubao ambao kijana alikiri aliupiga randa ukiwa bado mbichi kwa sababu mteja alikuwa anapiga simu. Ukakauka, ukasinyaa. Aliitoa mwenyewe kwenye foleni kabla sijamwambia.

Gunia la kwanza la maranda nimebeba mimi. Nina vifaranga 200 wanaingia Jumatano.